Joto la Dar halina kosa, kosa ni kabati lenu

Wadau, leo sina habari ya bungeni wala ya foleni. Leo naomba tugombane kuhusu amplifaya, na msicheke, maana kuna mtu anataka kumtapeli mjomba wangu mchana kweupe na nyinyi mnamsaidia bila kujua.

Mjomba anataka kuuza amplifaya yake. Ni ya valvu, zile chupa za kioo zinazowaka kama kandili ukizima taa. Alirudi nayo kutoka Ujerumani mwaka 1988, na wanaonijua wanajua kwamba mimi nilijifunza kusikiliza dansi kwenye mashine hiyo kabla sijajua kusoma gazeti. Sababu ya kuiuza? Ameambiwa "Dar ni joto mno kwa valvu." Aliyemwambia ni muuza vifaa vya muziki ambaye jina lake nalihifadhi. Alikuja mpaka sebuleni Mbezi, akaigusa, akauchomoa mkono haraka, akatikisa kichwa kama daktari mwenye majibu mabaya. Kisha akampa mzee wa watu njia mbili. Ama afunge kiyoyozi cha BTU 18,000 sebuleni (anauza yeye), ama amwachie mashine kwa bei ya kutupa (ananunua yeye).

Nilipopiga simu nikaambiwa hivi:

"Shikamoo mjomba."

"Marahaba mjomba. Njoo Jumapili uchague santuri unazozitaka, zilizobaki zinaondoka na mashine. Hii nchi yetu si ya vitu hivi."

Hii nchi yetu si ya vitu hivi! Ndipo nilipokasirika. Bei ya kutupa ningeweza kuivumilia, biashara ni biashara. Lakini mtu mzima aliyefanya kazi miaka yote ile anaambiwa kwamba hali ya hewa ya kwao haifai kwa kitu kizuri, naye anakubali. Na si yeye peke yake. Mwezi huu nimeisikia kauli hiyo kutoka kwa watu watatu, mmoja wao akiwa mhandisi kabisa mwenye cheti ukutani. "Valvu ni za nchi za baridi." Eti.

Basi twende taratibu.

Ndani ya valvu kuna kathodi, kijibomba kidogo kinachopashwa moto mpaka kitoe elektroni. Bila moto huo valvu ni chupa tupu. Katika valvu za kawaida za amplifaya za nyumbani, kathodi hiyo huwa na joto la kati ya nyuzi 700 na 800 za Selsiasi. Kioo cha nje cha valvu kubwa inayofanya kazi yake vizuri hufika nyuzi 200 hivi. Sasa sebule ya Berlin ina nyuzi 21 na ya Mbezi mwezi wa pili ina 32. Mwenye akili timamu aniambie, chombo chenye moto wa nyuzi 700 tumboni kitajuaje kwamba kimehama bara kwa tofauti ya nyuzi 11? Ni kama kumzuia muuza chipsi asikaange saa saba mchana kwa kuwa jua litaharibu mafuta yaliyomo kwenye karai.

Na kama hoja ni kwamba valvu hazikai nchi za joto, naomba nielezwe Sauti ya Dar es Salaam ilirushaje matangazo ilipoanza mwaka 1951. Transista yenyewe iligunduliwa Marekani Desemba 1947, na redio ya kwanza ya transista kuingia madukani ilitoka huko huko mwaka 1954. Maana yake ni kwamba kila kilichokuza sauti katika studio ile, na kila redio iliyoipokea mitaani, ilikuwa valvu. Nairobi walikuwa wanatangaza tangu 1928. Kule Rhodesia ya Kaskazini, Zambia ya leo, mwaka 1949 walianza kuuza redio ya betri iliyopachikwa jina la sufuria kwa sababu ya umbo lake, ikasikilizwa vijijini, na ndani yake mlikuwa na valvu vilevile. Hakuna kiyoyozi kilichopelekwa vijijini kuisindikiza.

Kuna jambo hapo ambalo wataalamu wetu wa sebuleni wamelisahau. Wakati wa Vita Kuu ya Pili, majeshi yalipopeleka mitambo ya redio kwenye misitu ya Burma na visiwa vya Pasifiki (askari wetu wa KAR walikuwa Burma mwaka 1944), mitambo iliharibika kwa wingi. Wahandisi wakakaa chini kutafuta dawa ya nchi za joto. Dawa yenyewe ilikuwa nini? Zaidi ilikuwa vanishi. Walipaka vanishi yenye sumu ya kuvu kwenye koili na waya, wakafunga transfoma zisiingie maji, kwa sababu kilichokuwa kinaua mitambo kilikuwa unyevu na ukungu. Kwa mtu wa pwani hili si geni. Angalia soketi za valvu za amplifaya iliyokaa Dar miaka miwili bila kuwashwa, utaona kijani cha kutu kwenye miguu. Amplifaya inayowashwa kila wiki hujikausha yenyewe kwa joto lake. Kwa maana hiyo anayeizima mwaka mzima "kwa sababu ya joto" anaiua kwa mkono wake.

Sasa sitaki kuwa mwongo kama yule muuza vifaa. Joto linaua amplifaya za valvu, tena sana. Ila haliui pale mnapotazama. Nyinyi mnatazama chupa zinazowaka kwa sababu ndizo zinazoonekana. Wanaokufa wako chini ya chasisi, gizani: kapasita za kuchujia umeme, rezista, na waya za transfoma. Kapasita za aina ile zina majimaji ndani, na kanuni wanayoitumia mafundi duniani kote ni kwamba kila ukipandisha joto lake kwa nyuzi 10, umri wake unakatika nusu. Ukilishusha kwa nyuzi 10, umri unaongezeka maradufu.

Kwa kanuni hiyo, ndiyo, sebule ya Dar inakula kapasita haraka kuliko sebule ya Berlin. Nakubali. Lakini kapasita ni kitu cha kubadilisha, kama tairi. Fundi wa mjomba, mzee mmoja wa Kariakoo, amezibadilisha mara mbili tangu 1988, na mashine ikaendelea kupiga kwa zaidi ya miaka 30 katika jiji hili hili, kwenye meza, dirisha wazi, pangaboi likizunguka. Haikuwahi kulalamika. Imeanza kuunguza fyuzi juzi juzi tu, baada ya mjomba kuhamia Mbezi. Dar iliongezeka joto ghafla alipofika Mbezi?

Nilienda Jumapili hiyo, lakini santuri sikuchukua. Niliingia sebuleni nikaona kabati. Kabati la mninga, refu mpaka karibu na dari, milango ya kioo, taa ndogo ndani, zawadi ya watoto wake alipostaafu. Amplifaya imesukumwa ndani ya tundu lililoitosha kama jeneza, imebakiza vidole vitatu juu, mgongo umebanwa ukutani. Na juu ya transfoma, wadau, kitambaa cha kufuma. Cheupe, chenye maua. Mke wa mjomba anasema mashine bila kitambaa inaonekana kama iko uchi. (Nampenda sana huyu mama na pilau yake, hivyo kuhusu kitambaa naishia hapo.)

Nikaazima kipimajoto cha jikoni. Sebuleni: nyuzi 32. Tukawasha, tukafunga vioo kama kawaida yao "vumbi lisiingie", tukapiga upande mmoja wa santuri, tukageuza, tukapiga wa pili. Ndani ya kabati: nyuzi 57. Hiyo ni hewa tu, bado hujafika chini ya chasisi. Tofauti ya nyuzi 25, zaidi ya mara mbili ya tofauti yote kati ya Dar na Berlin, nayo imetengenezwa na seremala. Pigeni wenyewe hesabu ya umri wa kapasita: nusu, kisha nusu ya nusu, na nusu nyingine ikiwa njiani.

Na kiyoyozi je? Hapa naomba mnisikilize vizuri, maana ndipo penye fedha. Chukua mfano wa amplifaya inayojulikana dunia nzima, Dynaco Stereo 70 ya Marekani, iliyoanza kuuzwa mwaka 1959. Ina valvu kubwa nne za EL34, aina ile ile iliyomo kwenye ya mjomba. Kila EL34 inakula ampea 1.5 kwa volti 6.3 kwa ajili ya kupasha kathodi tu, yaani zaidi ya wati 9. Nne zinafanya karibu wati 38. Valvu ya kunyoosha umeme inakula wati 9.5 nyingine. Kisha kuna mkondo wa kupumzika, ule unaopita hata muziki ukiwa kimya, miliampea 50 kwa kila valvu kwenye volti mia nne na ushei. Hapo ni wati 20 kwa kila moja, 80 kwa zote. Weka valvu ndogo, weka upotevu wa transfoma, unafika kama wati 150 za joto kabla hujasikia hata gita.

Binadamu aliyekaa kwenye kochi anatoa joto la wati 100 hivi. Kwa hiyo amplifaya ya mjomba ni sawa na mgeni mmoja na nusu. Kiyoyozi cha BTU 18,000 kinaondoa joto la zaidi ya wati 5,000. Mzee mstaafu anaambiwa anunue mashine ya wati 5,000, ale uniti za Luku kila jioni, ili kumpoza mgeni mmoja na nusu! Na hata akinunua, hewa baridi itazunguka sebuleni, amplifaya itabaki ndani ya kioo chake ikijipika. Anayetaka kiyoyozi kwa ajili ya jasho lake mwenyewe anunue, ni haki yake, na tena kitampunguzia unyevu chumbani. Asisingizie valvu.

Najua kuna watakaosema zipo amplifaya kubwa zinazotoa joto la wati 400 na kuendelea, na kwamba chumba kidogo cha Sinza kikifungwa madirisha huwezi kukaa nazo. Kweli. Hapo anayeteseka ni wewe, na dawa ni kununua ndogo. Tuendelee.

Kinachoipoza amplifaya ni hewa inayotembea, na hewa ya nyuzi 32 inayotembea ina faida kuliko ya nyuzi 24 iliyosimama. Hewa ya moto hupanda yenyewe. Ipe nafasi ya kuingilia chini na ya kutokea juu, nusu ya kazi imekwisha. Tulichofanya Mbezi ni hiki. Tuliitoa kabatini tukaiweka juu ya meza fupi, pasipo na kitu juu yake. Tukaiinua kwa vipande vinne vya mbao, sentimita 3 hivi, ili matundu ya chini ya chasisi yapate pumzi, maana kwenye zulia yalikuwa yamezibwa kabisa. Kisha nikanunua feni ya kompyuta, ile pana ya volti 12, nikailisha kwa adapta ya volti 6. Ikiwa na volti 12 inavuma, ukiipa 6 inazunguka polepole mpaka inabidi uweke sikio ujue kama ipo hai. Tuliiweka nyuma ya amplifaya, inasukuma hewa kupita kwenye valvu na transfoma. Bei yake haifiki hata nauli ya mafundi wa kufunga kiyoyozi. Baada ya saa moja, mfuniko wa transfoma ambao mwanzo ulikuwa haushikiki niliweza kuuwekea kiganja na kukiacha hapo.

Ningeishia hapo ningejiona shujaa. Lakini fyuzi moja iliungua tena siku ya tatu, na nikaona aibu, kwa sababu nilishaanza kuandika makala hii kichwani.

Tukamwita yule fundi wa Kariakoo ambaye muuza vifaa alimwita "wa kizamani". Mzee alikuja na multimita yake iliyofungwa kwa raba. Jambo la kwanza alilopima lilikuwa soketi ya ukutani: volti 244. Nyumba mpya ya mjomba iko hatua chache kutoka transfoma ya mtaa, umeme unafika ukiwa na nguvu zake zote. Jambo la pili, akaigeuza amplifaya akatuonyesha swichi ya kuchagua volti. Ilikuwa kwenye 220, mahali pale pale ilipowekwa Ujerumani kabla ya mwaka 1988. Kule kwenye nyumba ya zamani, mwisho wa laini, umeme ulikuwa unafika umechoka, ikapona. Akapima tambi za kupasha valvu: badala ya 6.3 zilikuwa zinapata karibu 7. Watengenezaji huruhusu kupotoka kwa asilimia 10 juu au chini, yaani mwisho ni 6.9. Na joto halipandi sambamba na volti, linapanda kwa kipeo chake cha pili. Gawanya 244 kwa 220, zidisha jibu kwa lenyewe, unapata 1.23. Kwa hesabu ya haraka ni kama asilimia 23 zaidi ya joto, kila siku, kutoka ukutani.

Kisha akaomba tuzime taa. Valvu ya tatu kutoka kushoto, mbali na ule mwanga wa rangi ya chungwa katikati ambao ni wa kawaida, bamba lake la nje lilikuwa na doa jekundu hafifu. Hiyo ndiyo hatari yenyewe. Valvu ikizidiwa moto, gridi yake hushindwa kuuzuia mkondo, mkondo ukizidi moto unazidi, moto ukizidi mkondo unazidi tena, mpaka kitu kiungue. Ukiwa na bahati kinaungua fyuzi. Ukiwa na kabati la mbao lililofungwa na kitambaa cha kufuma juu ya transfoma, sitaki kufikiria, na watu wanalala ndani.

Fundi alihamisha swichi kwenye 240, akabadilisha valvu ile moja, akaiacha mashine ichemke nusu saa nzima ndipo akarekebisha mkondo wa kupumzika. Alisisitiza nusu saa. Anayerekebisha ikiwa ya baridi anapima kitu ambacho hakitakuwepo ikishapata moto. Aliushusha kidogo kuliko kilichoandikwa, kwa ajili ya pumzi ya Dar, akasema sikio la mjomba halitajua tofauti, na halikujua. (Msijaribu wenyewe. Humo ndani mna zaidi ya volti 400, na kapasita hubaki nazo hata ukichomoa plagi. Tafuteni mzee kama huyu.)

Sasa nirudi kwa yule bwana wa kiyoyozi. Alikuja na nini? Kiganja. Aligusa, akatoa hukumu. Hakuuliza umeme wa nyumba ni volti ngapi, hakutazama swichi, hakufungua mlango wa kabati, hakuona kitambaa. Aliona mzee, mashine inayotafutwa Ulaya na Japani kwa fedha nzuri, na kauli moja ambayo Mtanzania aliyesoma hukubali bila swali: kwamba kosa ni la mahali ulipozaliwa. Mnaona mtego? Mtu anayesema valvu hazifai kwetu, huyo huyo yuko tayari kuibeba leo leo kwenye gari lake. Kama hazifai anaipeleka wapi?

Na nyinyi mnaorudia kauli hiyo vijiweni mnamfanyia matangazo ya bure. Nyumba ngapi zimetoa redio na gramafoni za wazazi wao kwa bei ya debe la mahindi kwa sababu mtu fulani alisema "zinataka baridi"? Mimi mwenyewe nimeshazika babu mmoja ambaye redio yake iliondoka hivyo, na alimkumbuka muuzaji yule mpaka mwisho.

Mashine ya mjomba inapiga. Jumamosi saa nne usiku, nje kuna nyuzi 29 na mbu wa kutosha, tulipiga santuri tano mfululizo, feni inazunguka polepole, doa jekundu halipo. Katikati ya santuri ya nne yule bwana akapiga simu kuuliza kama mzee ameshaamua. Mjomba akamjibu kwa heshima zote kwamba ndiyo, ameamua, na kama bado ana gari kubwa aje achukue kabati.

Hakuja. Kwa hiyo kabati lipo, mninga mtupu, milango ya kioo, linafaa sana kwa vyombo. Bei maelewano. Kitambaa hakiuzwi.